Karatasi ya Mchezo Isiyomwona Beki

Novemba 2015, mjini Toronto, Angela Ruggiero wa Marekani aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo wa magongo ya barafuni. Alikuwa mwanamke wa nne kupata nafasi hiyo. Wawili wa kwanza, Cammi Granato na Angela James, waliingizwa mwaka 2010 na wote walikuwa washambuliaji. Wa tatu, Geraldine Heaney wa Kanada, aliyefuata mwaka 2013, alikuwa beki, na Ruggiero naye ni beki. Wawili kwa wawili: hesabu hiyo yaweza kumfanya msomaji aamini kwamba katika mchezo huo beki na mshambuliaji hupimwa kwa mizani moja. Haikuwa hivyo siku zote, na hata leo haijawa hivyo kikamilifu. Hata hivyo wenye mchezo huo wamefanya jambo moja ambalo sisi tunaofuatilia soka la wanawake hapa Mwanza hatujalifanya, nalo ni kujizoesha kuandika kazi ya beki. Ninaamini kwamba safari ndefu ya Ruggiero isingewezekana, au walau isingejulikana, bila maandishi hayo, na kwamba mabinti wetu wanaocheza nyuma wanapoteza nafasi kwa sababu tu hakuna anayeshika kalamu wakati wanafanya kazi yao.

Najua kwamba mchezo wenyewe uko mbali nasi. Barafu tunayoishi nayo huku ziwani ni ya samaki: ile inayopakiwa kwenye maboti yanayokwenda visiwani kukusanya sangara, inayopondwa na kumwagwa kwa sepetu juu ya samaki ili wafike kiwandani nyama ikiwa bado imara. Hakuna mtoto wa Kirumba au Igoma aliyekua akiteleza juu yake kwa viatu vya chuma. Jirani zetu wa Kenya wametutangulia, kwa kuwa Nairobi kumewahi kuwa na uwanja wa barafu ndani ya hoteli, na mwaka 2024 nchi yao ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Sisi tunautazama kwenye simu, mara nyingi usiku wa manane. Kwa hiyo ni vyema nieleze kwanza beki wa mchezo huo anafanya nini.

Kila timu huwa na watu sita uwanjani: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja, na kinachogombewa ni kisahani kigumu cha mpira kinachosukumwa kwa magongo. Mwendo ni wa kasi mno, kiasi kwamba mchezaji huingia, hucheza kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja, kisha hutoka na mwenzake huingia bila mchezo kusimama. Beki hutumia sehemu kubwa ya muda huo akiteleza kinyumenyume, uso ukimtazama anayekuja, huku akipima umbali kati yake na gongo la mshambuliaji. Akimkaribia mno anapitwa. Akimwachia nafasi kubwa mno anapigiwa shuti akiwa amesimama. Timu yake inaposhambulia, beki huyohuyo husimama juu kabisa ya eneo la wapinzani, na mara nyingi yeye ndiye anayeamua kisahani kiende kushoto, kulia, au kipigwe golini moja kwa moja.

Kwa wanawake kazi hii ina ugumu wa ziada ambao watazamaji wengi hawautilii maanani. Katika mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, yaliyofanyika Ottawa mwaka 1990, wachezaji waliruhusiwa kugongana miili kama wanaume. Baada ya mashindano hayo ruhusa iliondolewa, na ingawa ligi mpya ya kulipwa ya Amerika Kaskazini imelegeza sheria kidogo, kizazi kizima cha mabeki wa kike kilikua bila njia ya mkato ya kumbamiza mshambuliaji ukutani. Walilazimika kumshinda kwa pembe ya mwili, kwa urefu wa gongo na kwa kusoma mchezo. Mshambuliaji anakuja kwa kasi; beki anarudi nyuma akimfungulia njia ya pembeni na kumfungia ya katikati; mshambuliaji anajikuta karibu na ukuta, anapiga shuti kutoka mahali pasipo na hatari, na kipa anadaka bila taabu. Uwanja unampigia makofi kipa. Aliyeamua shuti hilo lipigwe kutoka wapi hatajwi, na kadiri anavyoifanya kazi yake kwa ustadi ndivyo asivyoonekana.

Ruggiero alizaliwa Januari 1980 huko California, jimbo la jua ambalo watu wake wengi huiona barafu ndani ya majengo tu, na alianza kucheza akiwa na miaka saba pamoja na kaka yake. Mwaka 1998 mchezo huo ulipoingizwa katika Olimpiki kwa upande wa wanawake kwa mara ya kwanza, huko Nagano, Japani, yeye alikuwa na miaka 18 na ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kikosi cha Marekani kilichoifunga Kanada 3–1 katika fainali na kutwaa dhahabu. Alirudi na medali ya fedha mwaka 2002, ya shaba mwaka 2006 na ya fedha tena mwaka 2010. Katika mashindano ya dunia alipata medali kumi, nne kati yake za dhahabu. Januari 2005 aliichezea Tulsa Oilers, timu ya kulipwa ya wanaume ambamo kaka yake Bill alikuwa akicheza, na kuwa mwanamke wa kwanza asiye kipa kucheza mechi ya kulipwa ya wanaume katika Amerika Kaskazini. Tukio hilo la Tulsa ndilo linalotajwa zaidi na waandishi, labda kwa sababu ni rahisi kulisimulia. Mimi naliona kuwa dogo likilinganishwa na miaka mingine aliyoitumia kuzuia mabao.

Tuchukue Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002. Marekani ilikuwa imeishinda Kanada mara nane mfululizo katika mechi za kujiandaa, na ilikuwa nyumbani. Katika fainali ile waamuzi waliiadhibu Kanada mara kwa mara kwa kuwatoa wachezaji wake nje kwa muda, hivyo Wamarekani wakawa na mchezaji wa ziada kwa vipindi virefu. Hata hivyo walipoteza 3–2. Bao lililowavunja nguvu lilifungwa na Jayna Hefford sekunde moja kabla ya kipindi cha pili kumalizika. Kwa beki hakuna bao baya kuliko hilo, kwa kuwa timu nzima ilikwisha kuwaza mapumziko na ni yeye tu aliyepaswa kuwa bado anawaza mchezo. Miaka minne baadaye, mjini Torino, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Marekani ilitolewa na Sweden katika nusu fainali kwa mikwaju baada ya sare ya 2–2, Maria Rooth akiwa amefunga mabao yote mawili ya Sweden na kipa Kim Martin akiwa amezuia karibu kila kitu. Hadi siku hiyo hakuna timu nyingine mbali na Marekani na Kanada iliyowahi kufika fainali ya Olimpiki wala ya dunia kwa wanawake.

Timu ikipoteza namna hiyo, mazoea ya mashabiki kila mahali ni kuwatafuta mabeki. Lakini tazama lililotokea katika mashindano yote mawili: Angela Ruggiero alichaguliwa beki bora wa Olimpiki mwaka 2002 na tena mwaka 2006. Alichaguliwa akiwa amevaa fedha, kisha akiwa amevaa shaba. Hilo haliwezekani mahali ambapo beki hupimwa kwa matokeo ya mechi ya mwisho pekee. Linawezekana pale ambapo kuna watu waliokaa mchezo baada ya mchezo wakiandika nani alikuwa ndani bao lilipofungwa, nani alianzisha shambulizi, nani alitolewa nje kwa kosa, na nani alikuwa barafuni wakati timu ina upungufu wa mtu na bado haikufungwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Magongo ya barafuni yana desturi mbili za kuhifadhi kumbukumbu ambazo zimemsaidia beki kuliko hotuba yoyote. Ya kwanza ni kwamba bao moja laweza kuwa na pasi mbili zinazoandikwa rasmi, siyo moja kama tulivyozoea kwenye soka. Anayetoa pasi ya mwisho anaandikwa, na aliyempa yeye pia anaandikwa. Kwa kuwa mashambulizi mengi huanzia nyuma, jina la beki huingia kitabuni mara nyingi ambapo kwetu lingepotea. Ruggiero aliichezea timu ya taifa ya Marekani mechi 256, na alipostaafu mwaka 2011 hapakuwa na Mmarekani mwingine, mwanamume au mwanamke, aliyefikia idadi hiyo. Katika mechi hizo alifunga mabao 67 na kutoa pasi za mabao 141. Ukiziondoa pasi, anabaki beki aliyefunga bao moja katika kila mechi nne, jambo zuri lakini lisilotosha kumweka mtu katika jumba lolote la heshima. Ukizirudisha, unamwona mtu aliyekuwa chanzo cha mchezo wa timu yake kwa zaidi ya muongo mmoja.

Desturi ya pili ni hesabu ya kuongeza na kupunguza. Bao likifungwa timu zikiwa na idadi sawa ya watu, kila mchezaji wa timu iliyofunga aliyekuwa uwanjani huongezewa moja, na kila wa timu iliyofungwa hupunguziwa moja, bila kujali nani aligusa kisahani. Ligi kuu ya wanaume ya Amerika Kaskazini ilianza kuitunza hesabu hiyo rasmi katika msimu wa 1967–68, na muda mfupi baadaye ikaonyesha kitu ambacho macho peke yake yasingekithibitisha: katika msimu wa 1970–71 beki Bobby Orr alimaliza akiwa na +124, idadi ambayo hakuna mchezaji wa nafasi yoyote aliyewahi kuifikia tangu hapo. Kila mtu alijua Orr ni hodari. Baada ya hesabu ile hapakuwa tena na ubishi kwamba beki anaweza kuwa mchezaji muhimu kuliko wote uwanjani.

Sitaki msomaji adhani kwamba namba zimemaliza tatizo. Marekani hutoa kila mwaka Tuzo ya Patty Kazmaier kwa mchezaji bora wa kike wa magongo ya barafuni katika vyuo vikuu. Ruggiero aliipata mwaka 2004 akiwa Harvard, na kabla yake ilikuwa imekwenda kwa washambuliaji na kipa mmoja tu. Baada yake, beki mwingine hakuipata hadi mwaka 2023, ilipokwenda kwa Sophie Jaques wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mzaliwa wa Toronto, ambaye pia alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuipokea. Miaka 19 ilipita katikati. Tena tazama Jaques alikuwa amefanya nini msimu ule: mabao 24 na pasi za mabao 24 katika mechi 41. Ni hesabu ambayo mshambuliaji angejivunia. Maana yake ni kwamba hata huko wanakoandika kila kitu, beki huonwa kwa urahisi zaidi anapofanya kazi ya mshambuliaji, na yule anayebaki nyuma kuziba njia tu bado hujificha ndani ya daftari hilohilo.

Jaques mwenyewe alionja upande wa pili wa kupimwa vibaya. Ligi ya kulipwa ya wanawake ilipoanza Januari 2024 alikuwa katika kikosi cha Boston, kilichomteua wa kumi katika uteuzi ambapo timu huchagua wachezaji kwa zamu. Ligi haikuwa imefikisha miezi miwili akabadilishwa na kupelekwa Minnesota. Mei mwaka huohuo Minnesota ikaishinda Boston katika fainali na kuchukua kombe la kwanza la ligi hiyo, kisha ikalichukua tena mwaka 2025. Sidai kwamba beki mmoja ndiye aliyeamua ubingwa. Ninachosema ni kwamba mechi chache za mwanzo ni kipimo kifupi mno kwa mtu wa nafasi hii, kwa kuwa mshambuliaji hujitambulisha kwa bao moja lakini beki hutambulika kwa mrundikano wa mambo madogo, na mrundikano hauonekani mpaka mtu auhesabu kwa muda.

Sasa turudi Mwanza. Soka la wasichana hapa si jambo la kubahatisha tena. Alliance Girls wameiwakilisha Mwanza katika Ligi Kuu ya Wanawake, na mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, huwatoa wasichana shuleni kuanzia ngazi ya chini hadi taifa. Vipaji vipo. Lakini chukua karatasi ya mchezo wowote wa wasichana ulioisha jioni na uisome kwa makini. Utakuta majina ya waliopangwa na wa akiba, dakika za mabao na majina ya wafungaji, mabadiliko yaliyofanywa, kadi za njano na nyekundu, na sahihi. Beki wa kati aliyecheza dakika zote 90 bila kosa anaonekana mara moja tu, katika orodha ya waliopangwa. Ili jina lake liandikwe mara ya pili inambidi afunge, aumie, atolewe, au acheze vibaya hadi mwamuzi amwonyeshe kadi. Maana yake ni kwamba kumbukumbu zetu humtaja beki anapokosea na hunyamaza anapopatia.

Nilipata kumtazama beki mmoja wa namna hii pale uwanja wa Nyamagana, katika mechi ya wasichana wa shule ambayo haikuwa na watazamaji wengi. Simtaji kwa kuwa bado ni mtoto. Mshambuliaji wa upande wa pili alikuwa na kasi kumzidi, na binti huyu alilijua hilo, kwa hiyo hakumfuata hata mara moja mpira ulipokuwa miguuni. Alikuwa akirudi hatua mbili kabla pasi haijapigwa, mkono mmoja nyuma akimwonyesha beki mwenzake mahali pa kusimama, huku akipaza sauti, "Shuka! Shuka!" kisha, mpira ukigeuzwa, "Panda!" na mstari mzima wa nyuma ukapanda pamoja naye. Yule mwenye kasi alijikuta ameotea mara kadhaa, na baadaye akaanza kushuka katikati kuutafuta mpira mwenyewe, mbali na goli. Mechi iliisha bila bao. Watu walitoka wakisema washambuliaji siku hiyo walikuwa butu. Hakuna karatasi itakayoonyesha kwamba mshambuliaji yule alifanywa butu na mtu, na mtu huyo ana jina.

Matokeo ya ukimya huu yanaonekana kitaifa. Muulize kijana yeyote mpenda soka ataje wanawake wa Tanzania waliokwenda kucheza nje, atakutajia Aisha Masaka, Opa Clement na Clara Luvanga, na ana haki ya kuwataja kwa fahari. Wote ni washambuliaji. Atafikiri kidogo kabla ya kumtaja Julietha Singano, beki aliyefika hadi Mexico kuichezea FC Juárez. Au mkumbushe Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, ambapo Serengeti Girls waliishinda Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, na kuingia robo fainali. Sare ile ilikuwa na thamani ya robo fainali, na sare kama ile hulindwa na watu wa nyuma. Ni wangapi kati yetu tuliowafuatilia kwa furaha tunaoweza kutaja majina ya mabeki waliokuwa uwanjani dakika za mwisho?

Wapo walimu wa mchezo watakaonijibu kwamba jicho la kocha linatosha, na kwamba beki mzuri anajulikana bila daftari. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Kocha aliyeishi na mchezaji msimu mzima anamjua kuliko takwimu yoyote. Lakini kocha hajui kujigawa. Anapokuja mtu kutoka Dar es Salaam, au mtu wa chuo cha nje anayetafuta wachezaji wa kuwapa ufadhili wa masomo, huwa ana siku moja au mbili na orodha ya majina. Mshambuliaji anamkabidhi mabao aliyofunga, na mabao ni lugha inayoeleweka popote. Beki anamkabidhi maneno ya kocha wake, ambayo mgeni hana sababu ya kuyaamini wala kuyakataa. Pia kocha huhama, na akihama anaondoka na kumbukumbu zote kichwani mwake, na binti anaanza upya mbele ya macho mengine.

Wapo pia watakaosema kwamba namba hudanganya. Ni kweli, na ile hesabu ya kuongeza na kupunguza ni mfano mzuri wa jambo hilo, kwa kuwa beki wa kawaida akicheza nyuma ya washambuliaji hodari huonekana hodari, na beki hodari katika timu dhaifu huonekana mzigo. Wachambuzi wa magongo ya barafuni wenyewe wamelalamika hivyo kwa miaka mingi, na wamelitibu kwa kuongeza vipimo vingine: muda aliocheza, mashuti aliyoyazuia kwa mwili, mashuti yaliyopigwa na pande zote mbili yeye akiwa uwanjani. Hawakuchoma daftari kwa sababu lina kasoro. Sisi tunazungumzia kasoro za daftari ambalo hatujawahi kulifungua.

Nikitazama maisha ya Ruggiero nje ya barafu naona pia jinsi kumbukumbu zilivyomlipa pale ambapo mshahara haukumlipa. Wanawake wa kizazi chake hawakutajirika kwa mchezo huu. Hadi wachezaji wa Marekani walipotishia kususia mashindano ya dunia mwaka 2017, shirikisho lao lilikuwa likiwapa dola 1,000 kwa mwezi, na hizo kwa miezi sita tu ya mwaka wa Olimpiki. Alichokuwa nacho Ruggiero ni shahada ya Harvard na orodha ya kazi iliyoandikwa, mechi kwa mechi, ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma. Mwaka 2010, wanamichezo wenzake waliokuwa Vancouver walimchagua kuingia Kamisheni ya Wanamichezo ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, na kuanzia mwaka 2016 hadi 2018 akawa mwenyekiti wake. Waliompigia kura walitoka katika michezo mingi, na wengi wao nafikiri hawakuwahi kumwona akicheza. Walisoma alichofanya.

Kuanza hapa kwetu hakuhitaji mashine. Kunahitaji daftari la mistari, kalamu, na mtu mmoja kwa kila timu, ambaye anaweza kuwa mchezaji aliyeumia au mwanafunzi anayependa mpira lakini hachezi. Aandike dakika ambazo kila beki alicheza. Aandike mpira ulionyang'anywa na nani, na shambulizi lililokatwa lilikuwa upande wa nani. Bao likifungwa, aandike waliotoa pasi mbili za mwisho na siyo moja, na hapa ningependa tuige magongo ya barafuni bila kubadilisha chochote, kwa sababu beki wa kati anayepiga mpira mrefu kwa winga, na winga akampasia mfungaji, ameshiriki bao hilo kwa haki. Tukifungwa, aandike waliokuwa uwanjani wote, pamoja na kiungo aliyepoteza mpira, ili lawama isimwangukie wa mwisho kuonekana. Mwalimu wa michezo ayakague maandishi hayo na kuyatia sahihi kila baada ya mechi, ili yawe na uzito mbele ya mgeni.

Gumu zaidi katika hayo ni uvumilivu. Daftari la mechi tatu halisemi lolote kuhusu beki. La msimu mmoja linaanza kusema, na la misimu mitatu, kutoka kidato cha pili hadi cha nne, ni ushahidi unaoweza kuwekwa mezani pamoja na cheti cha mtihani. Ningeshauri mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya yawe mahali pa kujaribia, Nyamagana na Ilemela kwa kuanzia, kwa kuwa shule ziko karibu na walimu wanafahamiana. Tuzo ya beki bora wa mashindano itolewe kwa kufungua madaftari hayo mezani, na waamuzi wa tuzo wawe na ruhusa ya kumpa msichana ambaye timu yake ilitolewa mapema.

Binti yule wa Nyamagana amebakiza muda kabla ya kumaliza shule. Akipata mwandishi mwaka huu, atakuwa na misimu yake mikononi atakapofika mbele ya watu wasiomfahamu.